Mkebe Ndani ya Lenta

Mirunda ilipoangushwa asubuhi ile, watu wote walilishangilia baraza lililobaki wazi na pana, sakafu yake iking'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Mama Pacha peke yake ndiye aliyetazama juu.

Mirunda ilikuwa ile miti iliyosimamishwa barazani kuishikilia lenta, yaani boriti ya zege iliyopita juu ya uwazi wa baraza kutoka nguzo hii hadi ile, ikibeba ukuta mdogo wa matofali wenye umbo la pembetatu na sehemu ya mbele ya paa. Fundi alikuwa ametaka miti hiyo ikae siku kadhaa zaidi. Lakini leo nyumba ilikuwa inakabidhiwa, kwaya ilihitaji mahali pa kusimama, na mama aliyekuwa Mwenyekiti wa safari ya huduma alimwomba kwa ile sauti yake ya upole ambayo hata watu wazima walishindwa kuikatalia. Kweli Mchungaji aje kuombea nyumba iliyoegemea magongo kama mgonjwa? Fundi alikuna kidevu, akaitazama lenta kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema kwamba nondo alizolaza mle ndani zingeweza kubeba ghala, sembuse kibaraza. Akachukua nyundo, akagonga kabari, na miti ikaanguka mmoja baada ya mwingine.

Fundi alisema kweli, kwa kadiri alivyojua. Mama Pacha alijua zaidi ya hapo, na ndiyo maana macho yake hayakutoka kwenye lenta.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Kila mwaka, msimu wa kiangazi, waumini waliacha ofisi, madarasa na maduka yao, wakapanda basi hadi mahali ambapo familia fulani haikuwa na paa, wakajenga nyumba kwa mikono yao wenyewe hadi malengelenge yakapasuka. Na katika kila nyumba walifukia mkebe wa biskuti wenye Biblia na konzi ya udongo kutoka uani kwa kanisa lao. Waliita kupanda Neno. Mkebe ulikaa kwenye pembe ya msingi, ardhini, ambako haukumdhuru mtu. Mwaka huu basi liliharibika njiani. Walipofika, fundi aliyetangulia alikuwa amekwisha kufunga msingi na kuta zilikuwa zimefika madirishani. Mwenyekiti akauliza kama mkebe ungeweza kuwekwa ukutani. Fundi, ambaye watu walimwita Pimamaji kwa sababu kile kifaa chake cha kupimia usawa hakikumtoka kwapani hata wakati wa kula, alimjibu kwa heshima kwamba ukuta hautofautishi Biblia na gazeti. Unachotofautisha ni zege na shimo. Auzike chini ya ngazi, au bustanini, popote anapopenda, ila si katika kuta zake. Watu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Siku ya kumimina lenta, Pimamaji alikwenda barabarani kulikwamua lori la kokoto. Ndipo Mwenyekiti alipopanda jukwaa la mbao akiwa amekumbatia mkebe uliofungwa katika nailoni, akamwita Mama Pacha, kwa kuwa lilikuwa sharti la kanisa kwamba familia inayojengewa nayo itie mkono. Wakalegeza waya, wakazisogeza kando ringi mbili zilizozifunga nondo pamoja. Mama Pacha akazitanua nondo kwa mikono yake miwili hadi zikagusa mbao, na mkebe ukazama katikati yake, ukakaa kama mtoto katika mbeleko.

"Neno litakuwa juu ya kila atakayeingia," Mwenyekiti alimnong'oneza. "Iwe siri yetu, binti yangu. Mafundi wana akili ya mikono. Mambo mengine yanawapita kando."

Mama Pacha alikubali. Angemkataliaje? Jioni ya kwanza ya safari, Mwenyekiti alifika katika stoo ya nyuma ya duka la shemeji wa Mama Pacha, mahali ambapo mjane huyo, watoto wake mapacha na mama mkwe wake walikuwa wamejibanza tangu mvua zilipoiangusha nyumba yao ya udongo. Alimkuta bibi kizee, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kumsaliti, amelala juu ya shuka lililolowa. Mwenyekiti hakuuliza swali wala hakukunja pua. Alikunja mikono ya gauni, akachemsha maji, akamwogesha bibi yule kuanzia kisogoni hadi vidoleni, akamkata kucha, akamsimulia vichekesho vya wajukuu wake mpaka bibi akasahau kuona haya. Tangu jioni hiyo, Mama Pacha angemshikia mama yule hata kaa la moto. Zile nondo hazikuwa na uzito wowote mikononi mwake.

Uzito ulikuja leo. Katikati ya lenta, upande wa chini, pale pale mkebe ulipolala, plasta mpya ilikuwa imechora mstari mwembamba kama unywele.

Alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaupitisha ukucha. Ukucha uliingia kidogo.

Pimamaji alikuwa akifunga bawaba za mlango wa mbele. Tangu siku ya kwanza alimwita Mama Pacha shemeji, kwa madai kwamba mwanamke anayekoroga zege vizuri namna ile lazima alipata kuolewa katika ukoo wa mafundi. Mama Pacha alimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, iwapo zege huweza kupasuka. Fundi akamfuata hadi barazani, akapanda ile ndoo, akaugonga ufa kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Plasta hiyo, shemeji. Inajinyoosha. Hata wewe ukiamka si hujinyoosha?"

"Lakini uko katikati kabisa."

"Nyufa za plasta hupenda katikati. Ungekuwa ufa wa zege ningekuambia. Mle ndani nimefunga chuma mimi mwenyewe, ringi kwa ringi." Akashuka, akamtazama vizuri. "Kuna jambo?"

Lilikuwapo, na lilikuwa limekwisha kumfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini wakati huo Mwenyekiti alitokea kwenye ngazi akiwa na utepe mwekundu begani, akaanza kuufunga kutoka nguzo hadi nguzo. Aliwaona wawili hao wametazama juu. Alimtazama Mama Pacha, akainua macho kidogo kuelekea lenta, akatabasamu, tabasamu la watu wanaomiliki kitu kizuri pamoja. Mama Pacha akaumeza ulimi wake. Alisema hapana, hakuna jambo, ni wasiwasi wa mtu ambaye hajawahi kulala chini ya zege. Pimamaji akacheka, akarudi kwenye bawaba zake.

Mama Pacha alikwenda stoo kumwandaa mama mkwe wake. Mke wa shemeji hakuwa amengoja wahame. Magunia ya vitunguu yalikuwa yamekwisha kupangwa hadi usawa wa kitanda, na bibi kizee alilala katikati yake akipiga chafya na kuuliza kama yeye anauzwa kwa kilo au kwa fungu. Mama Pacha alimvisha gauni la sherehe, akamfunga kitambaa kichwani, na alipokuwa akimpaka mafuta miguuni akamweleza kila kitu: mkebe, nondo, ufa.

Bibi aliushika mkono wake wenye mafuta.

"Umeona ufa," aliuliza, "au umeona hofu?"

"Nimeona ufa, mama. Ukucha umeingia."

"Fundi anasemaje?"

"Anasema plasta. Hajui kuna nini ndani."

Bibi alishusha pumzi. Alieleza, bila kumtazama mkwe wake, jinsi mtaa mzima utakavyokuwa ukiongea: kwamba wamejengewa nyumba bure na bado wanaikagua kama wanunuzi. Alikumbusha kwamba watu hawa wanaondoka leo hii baada ya sherehe, na kwamba Pimamaji anabaki kumalizia choo. Basi ngoja waimbe, waombe, wapande basi lao. Jioni mwite fundi kando, mwambie polepole, arekebishe kimya kimya, na mama yule aliyemwosha asiaibishwe mbele ya watu wake.

"Mimi si mwoga wa kusema," bibi alimalizia. "Unanijua. Lakini yule mama amenishika mahali ambapo hata mwanangu wa kuzaa hakunishika. Tumvumilie saa chache."

Ilikuwa busara, na Mama Pacha aliipokea kwa moyo mweupe. Kati yao na jioni palikuwa na sherehe moja tu. Lenta ilikuwa imesimama tangu asubuhi. Ingeshindwaje kusimama hadi jioni?

Waliporudi, bibi akiwa amebebwa juu ya kiti cha mikono na waimbaji wawili wa sauti nzito, Mama Pacha aliona kitu kipya barazani. Vijana wa kwaya walikuwa wametandaza turubai kubwa uani ili wageni wapate kivuli. Upande mmoja walilifunga kwenye miti miwili. Upande wa pili walikuwa wamegongomea kulabu kwenye lenta, katikati, wakapitisha kamba pale na kuikaza. Kila upepo ulipovuma, turubai lilijaa kama shavu la mpiga tarumbeta, kamba ikavuta, kisha ikalegea. Ikavuta, ikalegea.

Aliutafuta ufa. Haukuwa tena upande wa chini pekee. Ulikuwa umegeuka pembe na kuanza kupanda upande wa mbele, ukiielekea ile kulabu.

Akamtafuta Pimamaji kwa macho. Fundi alikuwa amepangwa nyuma kabisa, miongoni mwa wageni, amevaa shati safi lenye mikunjo ya pasi, kifaa chake kikiwa kwapani, akizungumza na dereva wa basi. Kati yao palikuwa na umati uliokaa chini. Na mama mkwe alikuwa amewekwa mahali pa heshima: katikati ya baraza, chini ya lenta, mapacha wakiwa wamekaa miguuni pake na kuchezea ncha za utepe. Kwaya ilijipanga kuwazunguka. Mpiga ngoma akakaa kando ya kiti. Mchungaji akasimama mbele yao, na Mwenyekiti kulia kwake, ufunguo ukiwa juu ya kitambaa cheupe viganjani mwake. Mama Pacha mwenyewe, kama mpokeaji, alitakiwa kusimama uani chini ya ngazi hadi atakapoitwa.

Wimbo ulianza, wa furaha, wa kukanyaga kwa miguu. Sakafu ilitoa mwangwi. Mama Pacha hakuusikia wimbo. Alisikia ngoma tu, na kati ya pigo na pigo alisikia kamba ikilalamika.

Mwenyekiti alizungumza. Alieleza kwamba nyumba hii haikujengwa na matajiri bali na watu wenye mikono laini waliokubali kuichubua. Akawataja walimu, makarani na wauguzi mmoja mmoja, akawatania wale waliolilia maji ya moto. Alimtaja bibi kizee kuwa mama yake mpya. Hakuna mtu pale uani ambaye hakumpenda. Upepo ukavuma. Turubai likajaa.

Kipande cha plasta, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, kilidondoka kwenye mapaja ya bibi.

Bibi alikiokota. Alikigeuza vidoleni, akainua uso polepole kutazama kilikotoka, akaushusha, akamtazama mkwe wake. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, wamegombania chumvi, sabuni na namna ya kulea watoto, na kwa hiyo hawakuhitaji maneno. Macho ya bibi yalisema wazi kwamba jioni ni mbali mno.

Mama Pacha alijua anachotakiwa kufanya, lakini hakujua namna. Akipiga kelele kwamba nyumba inaanguka, watu wote wa barazani wangeikimbilia ngazi, nayo ilikuwa moja tu, nyembamba, kwa kuwa pande zote nyingine zilikuwa na ukuta wa kimo cha kiuno. Wangemkanyaga nani kwanza kama si mapacha? Nani angekumbuka kumbeba bibi? Na wale ambao hawangekimbia wangesimama pale pale kutazama juu na kuulizana ni wapi, nani kasema. Alihitaji watoke wote, kwa hiari, bila haraka, na kiti kikiwa mikononi mwa watu wenye nguvu.

Mchungaji akamwita. Mwenyekiti akanyoosha viganja, ufunguo ukimeremeta juu ya kitambaa.

Mama Pacha hakupanda ngazi.

"Sipokei," alisema.

Wimbo uliokuwa umeanza kunong'onwa ukafa. Mchungaji alitabasamu kama mtu anayedhani amesikia vibaya, akarudia jina la Bwana na jina la Mama Pacha, akamwambia asogee.

"Nimesema sipokei nyumba hii. Mniwie radhi. Mama, tunaondoka. Watoto, shukeni hapa kwangu. Sasa hivi."

Mapacha, ambao sauti ile waliijua kuwa haina mjadala, walishuka mbio. Uani palizuka mnong'ono kama wa nyuki. Mama Pacha aliwashika mikono, akageuza mgongo, akaanza kutembea kuelekea barabarani, mbali na turubai. Nyuma yake alisikia sauti ya mama mkwe, ile sauti kavu ambayo kwa miaka ilimkosesha usingizi.

"Mnanitazama nini? Nibebeni. Mke wa mwanangu akisema tunaondoka, basi tunaondoka. Au mnataka nitambae?"

Waimbaji wawili wa sauti nzito walitazamana, wakakiinua kiti. Mchungaji akawafuata, mikono imeinuka, akiomba subira. Mwenyekiti alishuka baada yake akiwa ameubana ufunguo kifuani. Na kwa kuwa hakuna anayependa kukosa ugomvi, kwaya nzima iliteremka ngazi, mmoja mmoja, na wageni wakainuka kutoka chini ya turubai, wote wakimfuata mwanamke asiye na shukrani hadi kando ya barabara. Mpiga ngoma alikuwa wa mwisho. Aliiacha ngoma yake.

Baraza likabaki tupu. Hapo ndipo Mama Pacha alipogeuka.

Mwenyekiti alimfikia akihema. Machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka. Aliuliza wamemkosea nini. Kama kuna neno baya lililosemwa, kama rangi ya mlango haikumpendeza, aseme tu. Mwalimu mmoja wa kwaya, mwenye kofia pana, hakungoja jibu.

"Tumeacha kazi zetu kuja kuchubuka hapa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Na haya ndiyo malipo. Watu wengine hata ukiwajengea ikulu watauliza mbona haina ghorofa."

Baadhi walicheka. Mama Pacha alihisi uso ukimwaka. Angeweza kulitamka jambo lile mbele yao wote, na kofia ile ingeinama. Badala yake alimsogelea Mwenyekiti hadi midomo yake ikagusa kitambaa cha kichwani.

"Mkebe, mama," alimwambia. "Lenta imepasuka pale pale. Imeanza kudondoka juu ya Bibi."

Mwenyekiti aligeuka kuitazama nyumba. Kutoka pale barabarani, mwanga ukiwa unaiangukia upande wa mbele, ufa ulionekana hata kwa asiyeutafuta: mstari mweusi uliopanda kutoka chini hadi kwenye kulabu. Midomo ya mama yule ilipoteza rangi. Mama Pacha alimwona akiwatazama watu wake, Mchungaji wake, yule mwalimu aliyekuwa bado anacheka, na akajua kwamba mama yule alikuwa akipima kitu, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kumpimia.

"Baba," Mwenyekiti alimwita fundi, kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara. "Kuna mkebe ndani ya lenta. Niliuweka ulipokwenda kwenye lori. Uliponikataza nilikudharau. Binti huyu hana kosa."

"Nilishika nondo mimi," Mama Pacha alisema. "Nilizitanua kwa mikono yangu."

Pimamaji hakupandisha sauti. Alikitoa kifaa chake kwapani, akakiweka chini kwenye majani, na watu waliomjua walielewa kwamba mambo si mambo.

"Katikati?" aliuliza.

"Katikati."

"Na ringi?"

"Mbili tulizisogeza."

Alifumba macho kidogo, kama anayeziona nondo zake kupitia kope. Kisha akaanza kutoa amri fupi. Mtu yeyote asisogee kwenye baraza. Kamba ya turubai isikatwe wala kuvutwa. Ilegezwe kule kwenye miti, taratibu, na vijana warefu walishike turubai lisipokee upepo. Alikwenda kwenye rundo la mirunda aliyoiangusha asubuhi, akachagua mmoja, akaupima kwa mkono. Kuusimamisha kulihitaji watu wawili: mmoja wa kuushikilia wima chini ya lenta, mwingine wa kugonga kabari chini yake. Wanaume kadhaa walisogea nusu hatua, nusu hatua tu. Mwenyekiti alivua viatu vyake vya sherehe na kusema atakwenda yeye.

"Hapana, mama. Hujawahi kushika mrunda." Fundi alimgeukia Mama Pacha. "Shemeji, unakumbuka tulivyosimamisha?"

Alikumbuka. Aliwasukuma mapacha kwenye mapaja ya bibi yao. Bibi akawakumbatia, akasema neno moja tu, "Mwanangu," jina ambalo kwa miaka yote alimwita marehemu mwanawe, mume wa Mama Pacha, peke yake.

Chini ya lenta palikuwa na ubaridi wa zege jipya. Mama Pacha aliuinua mrunda, akaukumbatia, shavu likiwa kwenye gome lake, akausimamisha pale alipoonyeshwa. Vumbi lilimdondokea kwenye kope, naye hakupangusa. Fundi alipiga magoti, akatia kabari, akagonga kidogo, akasikiliza, akagonga tena. Juu yao kitu kilitoa mlio mfupi mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini.

"Usikimbie," Pimamaji alisema bila kuinua kichwa. "Ukikimbia huo mti unaanguka, na mimi niko chini yake. Simama hivyo hivyo. Nitakuoa nikitoka hapa salama."

"Kwanza toka," Mama Pacha alijibu kupitia meno aliyoyauma.

Kabari iliingia. Lenta ilishuka upana wa kidole, ikaukalia mrunda kwa mguno mzito aliousikia Mama Pacha hadi kwenye mbavu, na tofali moja la ule ukuta wa pembetatu likachomoka. Halikuwapiga. Lilitua kwenye ngoma iliyoachwa, kando ya mahali kilipokuwa kiti cha bibi, likaitoboa ngozi kwa kishindo ambacho kilimfanya mwalimu mwenye kofia kupiga yowe barabarani. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Mrunda wa pili ulisimama, kisha wa tatu, na wa nne uliletwa na wale waimbaji wawili bila kuombwa.

Pimamaji alipotoka aliketi kwenye ngazi. Mwenyekiti akaja kukaa kando yake. Fundi alimwambia maneno machache: kwamba wangekufa watu wale, na kila mtu angesema Pimamaji kajenga, Pimamaji kaua. Mwenyekiti aliinamisha kichwa akalipokea neno hilo lote bila kujitetea.

Basi liliondoka mchana ule likiwa na kwaya iliyokuwa kimya na ngoma iliyotoboka. Mwalimu mwenye kofia alimshika Mama Pacha mkono dirishani, akaubana kwa nguvu. Mchungaji aliomba radhi kwa niaba ya wote na kutaka kumpa ufunguo hata hivyo. Mama Pacha alimwambia auweke mfukoni, arudi nao siku nyumba itakapokuwa nyumba. Mwenyekiti hakupanda basi.

Walirudi stoo kwenye vitunguu. Mke wa shemeji aliwapokea mlangoni mikono kiunoni, akauliza kama nyumba ya zege imewakataa, kisha alipomwona Mwenyekiti ameshika kona ya godoro akanyamaza na kuhamisha gunia moja. Waliishi hivyo, wanawake watatu na watoto wawili katika harufu ile ya kutoa machozi, huku mchana Pimamaji akiivunja lenta kipande kwa kipande, Mwenyekiti naye akiwa na patasi na nyundo ndogo, nywele nyeupe kwa vumbi. Mkebe ulipotokea ulikuwa umebonyea kama uliopigwa ngumi. Biblia ilikuwa nzima. Mwenyekiti aliileta stoo jioni akaishika mapajani, hajui aipeleke wapi.

"Soma basi," bibi alimwambia kutoka kitandani. "Kule juu angesoma nani, mjusi?"

Akasoma. Mapacha waliuchukua udongo wa kanisa pamoja na mkebe wake, wakapanda kitunguu kilichokuwa kimeanza kuchipua.

Siku ya kumimina lenta mpya, wanawake wa mtaa walijipanga na ndoo, Mwenyekiti akiwa kwenye ncha ya mstari, mahali pa uzito zaidi, karibu na lundo la zege ndoo zilikojazwa. Pimamaji alikuwa amezifunga nondo upya na kukagua kila waya. Alipomaliza hakutoa amri ya kuanza. Aliteremka kutoka jukwaani, akampisha Mama Pacha njia, akamwambia apande.

"Pitisha mkono," alisema. "Kuanzia mwanzo."

Mama Pacha alipiga magoti juu ya mbao, akaingiza mkono kati ya nondo. Alianzia kwenye nguzo ya kushoto na kwenda polepole, akizigusa ringi moja baada ya nyingine. Alipofika katikati alisimama, akatanua vidole, akapapasa huku na huku, chini hadi kwenye ubao. Pale chini watu waliinua nyuso. Hata bibi, aliyeletwa na kiti chake hadi kivulini ng'ambo ya ua, alikuwa amenyoosha shingo. Palikuwa na chuma na hewa, basi. Akaendelea hadi nguzo ya kulia.

Kisha alijipangusa mkono kwenye sketi, akamtazama Mwenyekiti aliyekuwa amesimama na ndoo ya kwanza.

"Leteni," alisema.